Kiti cha Chumba cha Tatu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepoa tangu ulipohamia ofisi ya chini na kuachana na zile ngazi. Je, bado unapata usingizi wako wa mchana siku za Jumapili, au wale watoto wa jirani wameshakunyang'anya? Huku kwetu sote tu wazima. Mama mgongo unamsumbua kidogo asubuhi, lakini ukimuuliza atakwambia hana lolote, kisha anainama kuokota kitu na kubaki ameinama. Mdogo wangu amerefuka ghafla. Siku hizi anavaa sketi zangu bila kuniomba, na nikimsemesha ananijibu kwamba ningepaswa kumshukuru kwa kuzipunguzia vumbi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ningekupigia, lakini wewe unanijua kuliko yeyote. Kwenye simu maneno hunikwama, nabaki nikisema ndiyo Shangazi, hapana Shangazi, mpaka unachoka na kuniambia nimpe Mama. Nina mambo mengi ya kukueleza, na mengine si mepesi. Nataka uyapate yote kwa mpangilio, kutoka kwangu mimi, kabla hujayasikia kwingine. Nimekaa mezani tangu saa tatu asubuhi, Mama yuko uani anafua, na hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana.

Kwanza naomba nikushukuru, kwa sababu nadhani sijawahi kukushukuru ipasavyo. Nilipomaliza shule nilikuwa nimekaa tu nyumbani, nafagia ua ambao Mama ameshaufagia. Wewe ndiye uliyempigia rafiki yako, yule uliyelala naye kitanda cha juu na cha chini bwenini, ambaye sasa ni meneja wa duka la nguo, ukamwambia kwamba mtoto wa kaka yako ni mwaminifu ila mdomo wake mzito. Siku yangu ya kwanza aliwasimulia wafanyakazi wote jinsi ulivyomwambia kwamba mimi hata nikitumbukia kisimani nitasubiri mtu apite ndipo nimpungie mkono. Walicheka sana. Nami nilicheka, maana ni kweli. Tangu siku hiyo wakaniita Kimya, na sikuchukia, kwa sababu waliniita hivyo kwa upole, kama jina la mtu wa nyumbani.

Duka lenyewe ni zuri, Shangazi. Ukiingia kutoka barabarani unakutana na sakafu inayong'aa, muziki wa taratibu, na sanamu sita zilizovalishwa nguo mpya, zote hazina kichwa. Keshia wetu husema hizo ndizo wafanyakazi bora, maana hazili, haziugui, wala hazina mdomo wa kulalamika. Lakini ukipita ule mlango wa nyuma wenye maandishi ya kukataza wateja, unaingia stoo, na huko ni dunia nyingine. Hakuna dirisha hata moja. Mashine ya mvuke ya kunyooshea nguo inafanya kazi tangu asubuhi, na joto lake halina pa kutokea. Ukutani kumebandikwa karatasi yenye majina yetu, na kila kosa linachorwa alama nyekundu mbele ya jina lako. Ukichelewa, alama. Kamera ikikukuta hutabasamu, alama. Ukienda msalani zaidi ya mara mbili kwa zamu, alama, na ufunguo wenyewe unauomba kwa meneja mbele ya watu. Alama tano, mkataba wako wa miezi mitatu ukiisha hauongezwi. Zamu nazo zilikuwa zikibadilishwa asubuhi ile ile. Ulikuwa umeshavaa, uko njiani, ndipo ujumbe unaingia kwamba urudi uje saa nane.

Sikukuandikia hayo mwanzoni kwa sababu niliona aibu. Ulikuwa umeniombea, na nilihisi kulalamika ni kama kukurudishia zawadi usoni.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kusimama. Kanuni ilisema mfanyakazi wa dukani haketi kwa muda wote wa zamu, na zamu ni saa tisa nzima. Hapakuwa na kiti nyuma ya kaunta, hapakuwa na kiti stoo, hata yale maboksi tulikatazwa kuyakalia. Kamera zilikuwa kila kona, na waliokuwa wakizitazama walikuwa makao makuu ya kampuni, watu ambao sisi hatujawahi kuwaona. Jioni ya siku ya tatu nilifika nyumbani, nikakaa kitandani, nikashindwa kuvua viatu. Mama alinivua, akaweka miguu yangu kwenye karai la maji.

Siku ya nne ndipo nilipofundishwa siri ya chumba cha tatu, na aliyenifundisha ni dada mmoja tunayemwita Pini.

Acha nikueleze habari zake, kwa sababu barua hii hasa ni yake. Anaitwa Pini kwa sababu daima ana pini zimechomekwa kwenye ukosi wa shati, za kuzibania nguo za sanamu kwa nyuma ili zionekane zimekaa vizuri. Ukimkumbatia bila kuangalia unachomwa. Ana miaka mitatu pale, na ndiye mwenye miaka mingi kuliko sisi wote. Ana binti wa darasa la pili na mama mgonjwa, na wote wanamtegemea yeye. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukunja sweta bila kuliacha na mstari, jinsi ya kumwambia mteja kwamba nguo haimtoshi bila kumwambia, na jinsi ya kusimama: uzito kwenye mguu mmoja kwa muda, kisha mwingine, vidole vikicheza ndani ya kiatu. Meneja alipotaka kunirudisha nyumbani wiki ya kwanza kwa kuwa sikuweza kuwasalimia wateja kwa sauti, Pini alimwambia kwamba mwenye sauti ndogo hufaa kwenye vyumba vya kujaribia nguo, kwa sababu mtu akiwa amevua nguo hapendi kupigiwa kelele. Meneja alicheka, nikapewa vyumba. Hivyo kazi uliniombea wewe, na kubaki kwangu aliniombea Pini.

Vyumba vyenyewe ni vinne, vya mapazia. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni, kuhesabu nguo za mteja, na kumpa kibao cha plastiki chenye namba. Akiingia na nguo tatu anapewa chenye tatu, akitoka nazo tatu anakirudisha. Mwisho ni nguo sita. Lakini vibao vilipoletwa vilikuja hadi saba, kwa hiyo hicho cha saba kilikaa kwenye ndoano bila kazi. Sasa, kamera haziruhusiwi kuangalia vyumba vya kujaribia. Na chumba cha tatu, ambacho ni kikubwa, kina kiti cha mto kwa ajili ya mtu aliyemsindikiza mteja. Ukiacha cha ofisini kwa meneja, hicho ndicho kiti pekee katika duka zima.

Walichobuni wenzangu, kabla hata mimi sijafika, ni hiki. Kila mmoja alikuwa na dakika kumi za kuketi kwa zamu. Anachukua nguo mkononi kana kwamba anazipeleka vyumbani, anaingia chumba cha tatu, na msimamizi wa vyumba anatundika kibao cha saba nje ya pazia. Ukikiona, unajua kuna mwenzako ndani, unampeleka mteja kwingine. Hakuna aliyepitisha dakika zake kwa makusudi. Keshia aliniapia kwamba dakika kumi hizo zina utamu kuliko likizo, na kwamba yeye akiwa mle ndani humsikia mama yake mzazi akimwita.

Mwezi wangu wa pili, Pini alituambia kwamba ana mimba ya miezi minne. Alituambia stoo, mashine ya mvuke ikipiga kelele, na akatuomba isitoke pale. Tulielewa. Wanawake wawili waliomtangulia, tumbo lilipoanza kuonekana tu, mikataba yao haikuongezwa. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Waliambiwa tu kwamba kampuni inawatakia kila la heri. Mkataba wa Pini ulikuwa unaisha baada ya wiki sita. Alikuwa na hesabu yake: avae mashati mapana, asaini mkataba mpya, kisha tumbo lijionyeshe lenyewe wakati hawawezi tena kumtoa.

Pale pale, bila kikao wala mwenyekiti, keshia alisema anampa dakika mbili katika kumi zake. Dada mmoja wa upande wa viatu akasema naye anatoa mbili. Tukatoa wote saba. Pini akawa na dakika ishirini na nne, na alipojaribu kukataa, keshia alimwambia kwamba si yeye anayepewa, ni huyo mgeni, na mgeni hakataliwi. Shangazi, mimi shuleni sikuwahi kuwa na kundi. Siku hiyo nilisimama kati ya maboksi, jasho likinitiririka, nikajiona nina watu.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Meneja alikuwa amenipa daftari. Lina safu za saa ya kuingia, namba ya chumba, nguo zilizoingia, nguo zilizotoka, saa ya kutoka. Kila Ijumaa linatiwa kwenye bahasha kwenda makao makuu, naanza jingine. Unakumbuka likizo ile nilipokaa nawe ofisini kwako, ukanifundisha kujaza rejista? Uliniambia karani mzuri haachi mstari mtupu, na haandiki kisichokuwepo. Mimi niliyashika hayo. Basi kila kibao kilichotoka kwenye ndoano, nilikiandika. Na cha saba pia. Saa tano na dakika tano, chumba cha tatu, nguo saba, zilizotoka saba, saa tano na dakika ishirini na tisa. Kwa mwandiko mzuri, na rula.

Usiniulize nilifikiri nini, kwa sababu sikufikiri. Hakuna aliyeniambia nisiandike, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu angeandika. Kwangu daftari lilikuwa ukweli, na siri ilikuwa siri, na sikuona kwamba vitu hivyo viwili vimelala kwenye ukurasa mmoja.

Jumanne moja akaja mkaguzi kutoka makao makuu, mama mmoja wa miwani, mpole wa sauti, mwenye madaftari yangu sita chini ya kwapa. Alituita stoo. Alisema kampuni imeona jambo la ajabu: katika duka hili mtu anaruhusiwa kuingia na nguo saba wakati kanuni ni sita, mara nane kwa zamu moja, chumba kile kile, na hakuna hata mara moja aliyenunua. Alisema wametazama kamera za nje ya vyumba kwa saa hizo hizo, na aliyeonekana akielekea vyumbani na kukawia kuliko wote ni Pini. Kisha akasema katika hesabu ya mwezi uliopita magauni manane hayaonekani.

Bado sikuelewa. Nilielewa pale alipomtazama Pini kiunoni. Alisema, kwa upole ule ule, kwamba picha za kamera zinaonyesha dada huyu mwezi huu anavaa mashati makubwa, na anatoka akiwa mnene kuliko alivyokuwa zamani. Akamwomba afunue.

Pini alikataa. Ukutani nyuma yake kulikuwa na jina lake na alama mbili tu nyekundu kwa miaka mitatu. Angefunua, wangeona mimba, na mkataba ungekwisha kama wa wale wawili. Asipofunua, ni mwizi. Alituangalia mmoja mmoja. Kwangu hakukawia, alinipita tu kama wengine, hakujua. Akasema yeye si mwizi na hatafunua nguo mbele ya mtu. Mkaguzi akaandika. Pini akaambiwa aende nyumbani asubiri barua mpaka Ijumaa, na mlinzi akamsindikiza mlangoni, mlinzi yule yule ambaye kila asubuhi humtania kwamba pini zake zitaifanya mashine ya mlangoni ya kunasa wezi ipige kelele. Siku hiyo hakumtania.

Na mimi, Shangazi, nilinyamaza.

Nilinyamaza Jumanne nzima. Nilinyamaza Jumatano. Nilikuwa natundika vibao, napokea vibao. Kulikuwa na hofu, sikatai, lakini hofu yenyewe ilikuwa na uso wako. Niliona kwamba nikisema, rafiki yako ataaibika, na wewe uliyeweka neno lako kwa ajili yangu utaaibika naye. Nilijiambia kwamba ni heshima. Jumatano mchana binti yake Pini alikuja dukani na sare ya shule, akamuuliza keshia kama mama yake amesahau mwavuli wake stoo. Keshia alimpa. Yule mtoto aliaga kila mmoja wetu, mpaka mimi, akaniita dada. Hapo nikajua kwamba nilichokuwa nakiita heshima hakikuwa heshima.

Jioni hiyo tulipokuwa tunabadilisha nguo niliwaambia wenzangu kwamba daftari ni langu, niliandika mimi. Nilitarajia wanirukie. Walitazamana kwanza. Kisha dada wa viatu akauliza kama niliandika hata siku aliyopitiwa na usingizi akazidisha, nikamwambia ndiyo, dakika kumi na tatu, na keshia akaanza kucheka mpaka akaketi chini sakafuni, machozi yakimtoka, na sijui yalikuwa machozi gani. Alisema katika maisha yake ameona watu wakishtakiwa na maadui, wakishtakiwa na wake wenza, lakini hajawahi kuona watu wakishtakiwa na rula. Halafu akajifuta macho, akaniambia kwamba nikisema, kiti kitaondolewa na sote tutapata alama, naye ana alama nne tayari. Nikamwambia najua. Akasema basi nikaseme, ila nisiseme kwa ile sauti yangu ya vyumbani.

Alhamisi asubuhi mkaguzi alikuwa ofisini kwa meneja. Nilibisha hodi. Sauti haikutoka mara ya kwanza wala ya pili, kwa hiyo nilichukua karatasi mezani kwake nikaomba kuandika, na akaniruhusu. Niliandika kurasa mbili. Kiti, kibao, dakika kumi, dakika mbili mbili za kila mtu. Mimba sikuiandika. Niliandika tu kwamba Pini tulimwongezea muda kwa sababu tunampenda, na hilo nalo ni kweli. Mkaguzi alisoma yote akainua macho, akasema ni hadithi nzuri, lakini kundi la wezi lingeweza kutunga nzuri zaidi. Wafanyakazi saba wote wana sababu ya kumlinda mwenzao. Akaniuliza kama kuna yeyote asiyekuwemo katika mpango huo aliyewahi kukiona kibao cha saba na kujua maana yake.

Hapa ndipo penye ungamo langu, Shangazi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Alikuwepo mtu mmoja. Wiki yangu ya tano, rafiki yako alipita vyumbani akiwa na mteja mkubwa, akasogea kulifungua pazia la chumba cha tatu. Akakiona kibao. Mkono wake ulisimama hewani. Akamwambia mteja kwamba chumba kile kina taa mbovu, akampeleka cha nne. Alipokuwa anarudi alinipita bila kunitazama, akanong'ona kwamba nimwambie aliyemo asikohoe. Sikumwambia mtu. Nilijua amefanya wema, na kwamba wema huo ungemgharimu ukijulikana.

Pale ofisini alikuwa amesimama karibu na dirisha. Siku mbili zote alikuwa amesema hajui lolote kuhusu vibao. Mkaguzi alinisubiri. Nilimtazama rafiki yako, nikakukumbuka wewe, nikamwona Pini akituangalia mmoja mmoja. Nikasema kwa mdomo, si kwa karatasi, kwamba meneja anajua.

Mkaguzi alimgeukia. Rafiki yako angeweza kukana, Shangazi. Neno langu dhidi ya lake, mimi wa miezi mitatu na yeye wa miaka kumi na moja. Alivuta kiti chake, akakiangalia kama kitu kigeni, hakukalia. Akasema ni kweli. Akasema anajua tangu mwaka juzi, na kwamba kabla hajawa meneja, alipokuwa muuzaji, chumba kilikuwa hicho hicho, ila wao walitundika mkanda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema aliwahi kuandika makao makuu mara tatu akiomba viti, akajibiwa kwamba mfanyakazi aliyeketi humfanya mteja aone duka limelala. Baada ya hapo akachagua kutoona. Alisema hana la kujivunia katika hilo.

Alitoa nakala za barua hizo kwenye droo. Mkaguzi alizisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akaifuta, akazisoma tena.

Yaliyofuata nakueleza kwa kifupi. Pini amesafishwa. Alipewa barua yenye muhuri kwamba hakuiba, na yale magauni manane, mkaguzi mwenyewe alisema huenda hayakuwahi hata kufika dukani. Ijumaa aliitwa kusaini. Aliingia ofisini akiwa amevaa gauni la kumbana, tumbo lake mbele, akamwambia mkaguzi kwamba jibu la lile swali la Jumanne ndilo hili, na kama kampuni inamtakia kila la heri aandikiwe sababu. Mkataba umeongezwa. Wameleta mabenchi mawili stoo na robo saa ya kupumzika kwa kila mtu, na ufunguo wa msalani unaning'inia mlangoni. Viti vya kaunta bado. Karatasi ya alama bado ipo ukutani, na keshia anasema anaiombea iungue.

Lakini rafiki yako amepewa barua ya onyo kwa kuvunja kanuni, na mwezi ujao anahamishiwa tawi dogo. Hiyo ni kwa sababu ya mdomo wangu. Na mimi mkataba wangu uliisha jana, haukuongezwa. Niliambiwa kampuni inanitakia kila la heri. Mama anajua tangu jana. Wewe ndiye niliyekuwa nakuogopa.

Nisamehe, Shangazi. Sikuombi msamaha kwa kusema. Hilo nimelipima kwa siku nyingi na ningesema tena. Nakuomba msamaha kwa siku mbili nilizonyamaza kwa kutumia jina lako, na kwa neno lako ulilolitoa kwa rafiki yako, ambalo limemrudia hivi.

Nina ombi moja tu. Najua moyo wako. Ukimaliza kusoma utanyanyua simu uniombee tena, kwake au kwa mwingine. Tafadhali usifanye hivyo. Jumatatu naenda mwenyewe kwenye duka la vitambaa la mama mmoja anayetafuta msaidizi, nimeshampitia nikamuuliza, na nilimuuliza kwa sauti. Hajanikubali bado. Ameniambia nije anione ninavyopima. Ila kwa rafiki yako piga, leo leo kama unaweza. Siku ile nilitoka ofisini nikilia, sikumwambia asante. Wewe unaweza kusema naye kama mtu uliyelala naye bwenini, mmoja juu na mmoja chini. Mwambie kuna mwanamke ambaye hakuitwa mwizi kwa sababu yeye alikubali kusema ni kweli. Mwambie namshukuru, na mwulize kama anaendelea vizuri.

Mama anakusalimu sana, anasema ukija ulete ule mpira wa kukandia mgongo. Mdogo wangu anakusalimu pia. Wasalimie wote wa hapo ofisini, na goti ulifanyie mazoezi hata kama linauma. Mungu akuweke.

Ni mimi akupendaye,
Binti wa kaka yako